Kwa nini pampu hufungwa kabla ya kupimwa? Yafahamu maji yaliyo chini ya kambi yetu



Mara moja kwa mwezi kuna asubuhi ambayo kufuli la pampu halifunguliwi saa kumi na mbili kama siku zote. Mafundi wa maji hufika na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, wakauteremsha kisimani, wakasoma namba, wakaandika. Wakati huo foleni ya jerikeni inazidi kurefuka na maneno yanaanza: "Wanatuadhibu." "Maji yapo, wanatubania tu."

Malalamiko hayo yanaeleweka. Mama mwenye watoto wadogo hana nafasi ya kusubiri saa nzima. Lakini asubuhi hiyo moja ndiyo inayotuwezesha kujua mapema kama kisima kitafika mwisho wa kiangazi au kitatuacha njiani. Makala hii inaeleza jinsi maji ya chini ya ardhi yanavyotafutwa na kupimwa, jinsi yanavyofuatiliwa mwezi hadi mwezi, na sehemu yako wewe mkazi katika kazi hiyo.

MAJI YA CHINI YA ARDHI NI NINI?

Wengi wetu tumetoka kwenye milima yenye chemchemi na mito, mahali ambapo maji yanaonekana kwa macho. Hapa tunategemea maji tusiyoyaona. Wengine hudhani kwamba chini ya kambi kuna ziwa au mto unaopita gizani. Sivyo.

Chukua ndoo, ijaze mchanga, kisha mimina maji polepole. Mchanga unayanywa. Maji yanakaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje na punje. Ukichimba katikati kwa kijiko utayaona yakikusanyika. Ndivyo ilivyo ardhini: mvua huzama, hupita kwenye udongo, na kukaa katika mchanga, kokoto au nyufa za mwamba.

Sehemu kubwa ya Uganda, na sehemu nyingi za Tanzania, zina mwamba mgumu wa kale sana. Mwamba huo haunywi maji. Maji hupatikana katika tabaka la juu lililooza na kulika, na katika nyufa. Ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kutoa maji mengi, na kingine kilichochimbwa hatua chache tu kutoka hapo kikawa kikavu.

WATAALAMU HUJUAJE PA KUCHIMBA?

Kwanza husoma ramani za miamba na picha zilizopigwa kutoka angani, wakitafuta mistari inayoonyesha nyufa kubwa. Pili hutembea. Huangalia mabonde, miti inayobaki kijani wakati wa kiangazi na visima vya zamani. Huwauliza wenyeji pia: kisima kipi hukauka, na mwezi gani? Mzee aliyeishi eneo hilo miaka arobaini anajua mambo ambayo ramani haijui.

Tatu hupima kwa umeme. Hupigilia ardhini vijiti vinne vya chuma katika mstari mmoja. Hupitisha umeme katika vijiti viwili vya nje, na kupima katika viwili vya kati. Mwamba mkavu huzuia umeme. Tabaka lenye maji huupitisha kwa urahisi zaidi. Kadiri vijiti vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi. Ukiona kazi hiyo inafanyika katika bloki yako, waweke watoto mbali na nyaya, na usiing'oe vijiti.

Kumbuka kwamba mashine hiyo haioni maji. Udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme, na maji ya chumvi huupitisha zaidi ya maji matamu. Mtaalamu hulinganisha dalili zote kisha anachagua mahali penye matumaini zaidi. Hata hivyo, wakati mwingine shimo hutoka kavu.

KISIMA KIPYA HUPIMWAJE?

Kisima kinapomalizika, watu huona jambo linalowakasirisha: mashine inavuta maji mchana na usiku, na maji yote yanamwagwa mbali. Hicho ni kipimo cha uwezo wa kisima.

Kabla ya kuanza, fundi hupima umbali kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye uso wa maji yaliyotulia. Tuseme ni mita 12. Kisha pampu huwashwa, mara nyingi kwa saa 24 au zaidi, ikitoa kiasi kile kile. Mwanzoni kina hupimwa kila dakika, baadaye kila baada ya muda mrefu zaidi. Ikiwa kisima kinatoa lita 3,000 kwa saa, maji yakashuka kutoka mita 12 hadi mita 18, kisha yakasimama hapo, hiyo ni habari njema: ardhi inaleta maji kwa kasi ile ile tunayoyatoa. Ikiwa yanashuka hadi 18, kisha 25, kisha 31 bila kusimama, kisima hakiwezi mzigo huo.

Pampu ikizimwa, fundi huendelea kupima jinsi maji yanavyopanda tena. Kisima kinachorudi upesi kina nguvu. Kisicholudia kina chake hata baada ya muda mrefu kinatuambia kwamba tabaka lake la maji ni dogo.

Maji ya kipimo humwagwa mbali kwa sababu yakimwagwa karibu yanaweza kurudi ardhini na kutudanganya. Usiyanywe: majibu ya maabara huwa bado hayajatoka.

KWA NINI KUPIMA KILA MWEZI?

Kipimo cha siku ya kwanza kinatuambia kisima kilivyozaliwa. Hakituambii kitaishije. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali.

Utepe wa fundi una kichwa cha chuma chenye waya. Kichwa kinapogusa maji, taa huwaka au kengele hulia juu. Fundi husoma namba kuanzia alama ile ile ya mdomo wa kisima kila mara. Pampu lazima iwe imepumzika usiku kucha, kwa maana maji yanayovutwa yako chini kuliko maji yaliyotulia. Jerikeni kumi tu zikitekwa kabla ya kupima, namba inaweza kuharibika, na mwezi mzima wa daftari ukakosa maana. Hiyo ndiyo sababu ya kufuli. Visima vingine huwekewa chombo kidogo kinachojiandikia kina chenyewe mchana na usiku, lakini hata hicho huhakikishwa kwa utepe.

Hebu tuangalie mfano. Hizi si namba za kisima chochote cha kambi. Tumezitunga ili kufundisha. Kisima cha pampu ya mkono kinapimwa kila Februari, mwishoni mwa kiangazi:

Mwaka wa kwanza: mita 18.20
Mwaka wa pili: mita 18.90
Mwaka wa tatu: mita 19.70

Mwanya wa kuvutia maji wa pampu uko mita 24. Mtu atasema, "Bado tuna zaidi ya mita nne, tatizo liko wapi?" Lakini watu wakiteka, maji hushuka mita 3 zaidi, yaani hadi mita 22.70. Kilichobaki ni mita 1.30 tu. Kwa kuwa maji yanashuka karibu sentimita 75 kwa mwaka, kisima hicho kitaanza kuvuta hewa katika muda usiofika miaka miwili. Aliye na daftari anajua leo, na ana muda wa kupunguza mzigo, kushusha bomba au kutafuta kisima kingine. Asiye na daftari atajua siku ambayo pampu inakohoa na foleni ya watu mia imesimama.

Angalia pia kwamba tumelinganisha Februari na Februari. Maji hupanda baada ya mvua na kushuka kiangazi. Hiyo ni kawaida. Ukilinganisha mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi utaogopa bure, au utafurahi bure. Kwa sababu hiyo mvua nayo hupimwa kwa chombo chake na kuandikwa katika daftari hilo hilo.

FUNDISHO KUTOKA DADAAB

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, kaskazini mashariki mwa Kenya, zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa nchini Somalia, idadi ilipita 400,000. Hakuna mto wa kudumu hapo. Maji ya kambi hutoka visima virefu vinavyochota katika tabaka la maji liitwalo Merti, na uso wa maji hayo uko zaidi ya mita 100 chini ya ardhi.

Maji matamu ya Merti yamekaa kama ukanda, na pembeni yake kuna maji ya chumvi. Kwa hiyo hofu ilikuwa ya aina mbili: kwamba maji yangekwisha, au kwamba maji matamu yakivutwa sana, ya chumvi yangesogea kuchukua nafasi yake. Wafugaji wa eneo hilo walikuwa na hofu hiyo pia, kwa kuwa wanakunywa na kunywesha mifugo kutoka tabaka hilo hilo.

Hofu hiyo haikumalizwa kwa maneno. Ilishughulikiwa kwa kupima: kina cha maji, kiasi kinachotolewa, na chumvi. Chumvi hupimwa kwa chombo kidogo kinachotumbukizwa katika maji na kuonyesha jinsi yanavyopitisha umeme. Namba ikipanda, chumvi imeongezeka. Vipimo vya miaka vilionyesha kwamba kina hakikuporomoka kama ilivyoogopwa, lakini katika baadhi ya visima chumvi ilikuwa ikipanda. Bila namba, mmoja angesema "maji yanakwisha" na mwingine "hakuna tatizo", na wote wawili wangekuwa wamekosea.

Wenzetu waliopita Goma mwezi wa Julai 1994 wanajua upande mwingine wa jambo hili. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba visima na vyoo kulikuwa kugumu mno, na watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kutibiwa. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kisima kizuri kilichopimwa ni kinga ya afya kama ilivyo chanjo.

PAMPU MOJA IWAHUDUMIE WATU WANGAPI?

Kiwango kinachotumika katika misaada ya dharura ni watu wasiozidi 500 kwa pampu moja ya mkono, ikiwa inatoa lita 17 kwa dakika. Hebu tupige hesabu. Katika saa 8 za kazi pampu hiyo hutoa lita 8,160. Gawanya kwa watu 500: kila mtu anapata lita 16 hivi. Ili kila mmoja apate lita 20, ambacho ni kiwango ambacho UNHCR inakilenga katika kambi, pampu lazima ifanye kazi karibu saa 10 bila kupumzika. Watu wakifika 1,000, hakuna saa za kutosha mchana, na kisima kinakosa muda wa kujirudisha.

Hapa ndipo wengi huuliza: "Kwa nini wasichimbe kingine pale pale pembeni?" Fikiria chungu kimoja cha pombe ya kienyeji na mirija miwili. Wanywaji ni wawili, lakini pombe ni ile ile. Visima viwili vilivyokaribiana katika tabaka moja hunyang'anyana maji. Na kuchimba chini zaidi? Katika mwamba mgumu, nyufa mara nyingi hupungua kadiri unavyokwenda chini. Unaweza kulipia mita nyingi za mwamba mkavu.

JE, MAJI YANAYOTOSHA NI SALAMA?

Wingi na usalama ni mambo mawili tofauti. Yafuatayo hupimwa:

Vijidudu vya kinyesi. Maji huchukuliwa katika chupa iliyotakaswa, huchujwa na kuwekwa katika chombo chenye joto, na majibu husomwa baada ya saa nyingi, mara nyingi siku inayofuata. Kisionekane hata kijidudu kimoja katika mililita 100. Kwa ajili hiyo choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo lake kuwe angalau mita moja na nusu juu ya uso wa maji ya ardhini. Katika ardhi yenye nyufa hata umbali huo unaweza usitoshe.

Naitreti. Hutokana na vyoo, mbolea na zizi la mifugo. Ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo.

Floraidi. Hutoka katika miamba yenyewe, hasa maeneo ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi, naitreti wala chumvi.

Chuma. Maji huwa mekundu, chai inakuwa nyeusi, nguo nyeupe zinachafuka. Chuma hicho si hatari kubwa kwa afya; hatari ni kwamba watu hukikimbia kisima na kwenda kuteka katika bwawa lenye vijidudu. Unaweza kusaidia kupata chanzo. Ikiwa maji ni mekundu asubuhi tu, kisha yanakuwa meupe baada ya kuteka kwa muda, yaelekea ni kutu ya mabomba, na mabomba yanaweza kubadilishwa. Ikiwa ni mekundu kutwa nzima, yaelekea yanatoka ardhini hivyo.

WEWE UFANYE NINI?

1. Heshimu asubuhi ya kupima. Kamati ya maji itangaze siku hiyo mapema ili kila nyumba iweke akiba tangu jana yake. Usimwombe mlinzi akufungulie "jerikeni moja tu".

2. Hesabu mapigo. Mara moja kwa wiki, saa ile ile, mtu mzima yule yule ajaze jerikeni ya lita 20 kwa mapigo kamili ya mpini, na idadi iandikwe. Wiki hii 60, mwezi ujao 75, mwezi wa tatu 95: kuna jambo.

3. Tofautisha ugonjwa wa pampu na ugonjwa wa kisima. Pampu ikitoa maji kidogo tangu alfajiri mpaka jioni, raba zake pengine zimelika, fundi azibadilishe. Ikiwa unapiga mara nyingi kabla maji hayajatoka, ingawa baadaye yanatoka vizuri, pengine valvu ya chini inavuja. Lakini ikiwa asubuhi inatoa vizuri, saa sita inakohoa hewa, na baada ya kupumzika inarudi, maji yenyewe yameshuka. Kubadilisha raba hapo ni kupoteza fedha. Punguzeni saa za kuteka, gawaneni zamu, na mpeleke taarifa.

4. Linda mdomo wa kisima. Sakafu ya saruji ikipasuka, maji machafu hurudi chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usifue nguo wala kunywesha mifugo juu ya sakafu, na mfereji wa maji yanayomwagika uwe wazi.

5. Zuia watoto kutupa mawe au vijiti katika tundu la kupimia. Jiwe moja linaweza kukwamisha utepe na kuziba njia ya vipimo vyote vinavyofuata.

6. Osha jerikeni. Maji safi ya kisimani huweza kuchafuka kati ya pampu na kikombe. Tumia chombo chenye kifuniko, wala usichote kwa mkono.

7. Omba kuliona daftari. Namba za kisima chenu zisomwe katika mkutano wa bloki, na zibandikwe mahali ambapo kila mtu atazisoma. Ikiwa mwezi umepita bila kupimwa, uliza sababu.

MNAULIZA, TUNAJIBU

Je, utepe hauwezi kuleta ugonjwa kisimani? Unaweza, kama ni mchafu. Kwa hiyo lazima uoshwe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingia katika kila kisima. Una haki ya kumwomba fundi auoshe mbele yako.

Mvua imenyesha sana, mbona kisima hakijapanda? Maji huchukua muda kuzama. Katika visima vingine kina hupanda baada ya siku chache, katika vingine baada ya wiki nyingi au miezi. Mvua kubwa ya ghafla nayo hukimbilia mabondeni kabla haijazama. Mitaro na miti hupunguza mwendo wake.

Kina kikiendelea kushuka kila mwaka, nini kifanyike? Kwanza kupunguza kinachotolewa katika kisima hicho na kuhamishia baadhi ya watu pampu nyingine. Kisha kutafuta kisima kipya mbali na hicho, au kuleta maji kwa bomba kutoka mahali penye nguvu zaidi. Kila moja ya hatua hizi huchukua miezi na huhitaji fedha za kuombwa. Anayeomba akiwa na namba za miaka mitatu mkononi husikilizwa kuliko anayeomba akiwa na jerikeni tupu.

Mwezi ujao utakapoambiwa pampu itafungwa hadi saa moja asubuhi, mwambie jirani yako sababu yake, jazeni vyombo tangu jioni, na mmoja wenu aende kusimama karibu na fundi. Aisikie namba ikisomwa, aione ikiandikwa, kisha awaletee wenzake habari.